Mndimu wa kwenu kwanza, Shimba Hills baadaye

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 21, nakaa Mishomoroni na wazazi wangu. Tangu nikiwa mdogo napenda wadudu. Juzi tulizuru Shimba Hills na kikundi chetu cha vijana, nikaona vipepeo na madundu ambao sijawahi kuwaona mjini, na tangu siku hiyo silali vizuri. Nataka kujifunza kukusanya na kuchunguza wadudu wa msituni kama wafanyavyo wataalamu. Chuo kikuu sikufika, vifaa sina, na mamangu amekataa kabisa kuona mdudu ndani ya friji. Nianzie wapi? Na je, naruhusiwa kurudi kule na wavu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo linaloweza kukutia matatani kabla hujashika hata mdudu mmoja. Kurudi Shimba Hills ukatazama, ukapiga picha na kuandika, unaruhusiwa. Lipa kiingilio uingie. Kukamata na kutoka na mdudu ni jambo jingine. Pale ni hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS, na anayetaka kukusanya sharti awe na kibali cha utafiti. Vibali hivyo hupitia Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, yaani NACOSTI, pamoja na wenye kusimamia hifadhi, na kwa kawaida huombwa na mtu aliye chini ya taasisi fulani. Msitu wa Arabuko-Sokoke nao ni vivyo hivyo.

Usidhani sheria inamlinda ndovu peke yake. Mwezi wa Mei 2025 mahakama moja jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na malkia wa chungu waliotiwa kwenye vichupa vyenye pamba tayari kusafirishwa nje ya nchi. Wawili kati yao walikuwa vijana wa miaka 19 tu, wadogo kuliko wewe, na walikuwa na chungu wapatao 5,000. Kwa hiyo mtu yeyote akikwambia kwenye simu kwamba atanunua dundu au chungu wa Kenya kwa bei nzuri, mkatalie.

Na kaya nazo usizisahau. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini kabla ya UNESCO kuzijua zilikuwa na wenyewe, na bado zina wenyewe. Ukienda Kaya Kinondo kule Diani utafungwa kaniki nyeusi kiunoni na utaelezwa miiko: hakitoki kitu mle, hata jani lililoanguka. Usije ukatoka na mdudu mfukoni ukasema ni sayansi. Zungumza na wazee, waulize majina ya wadudu kwa Kidigo, uliza nani hula nini na hutoka lini. Mzee aliyekaa kando ya msitu miaka 70 anajua mambo ambayo hayajaandikwa popote, na mengi ninayoyajua kuhusu wadudu wa miti ya asili nilianza kuyasikia kwa wazee wa namna hiyo.

Hizo ndizo habari za kukatisha tamaa, na zimekwisha. Sasa nikwambie jambo ninaloliamini baada ya miaka zaidi ya 30 katika kazi hii: mtu hajifunzi wadudu mahali palipo na wadudu wengi, hujifunza mahali anapoweza kurudi kesho. Shimba Hills itakuonyesha kipepeo kwa muda wa pumzi mbili, kisha apae juu ya miti usimwone tena. Mti wa nyumbani utakuonyesha maisha yake yote. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawakataza msitu kwa mwaka mmoja, na nawapa mti.

Mti wako ni mndimu. Ikiwa kwenu hamna, nenda kwa jirani. Mishomoroni nzima hukosi mndimu au mlimau mmoja nyuma ya nyumba. Simama mbele ya majani machanga, yale mororo yenye rangi ya kijani hafifu, uyakague juu na chini. Unatafuta yai moja la manjano, la duara, dogo kama kichwa cha pini, limewekwa peke yake. Ukikosa yai, tafuta kinyesi cha ndege juu ya jani: kitu cha kahawia chenye mabaka meupe, kinang'aa kama kibichi. Kiguse taratibu kwa ncha ya ukuti. Kama ni kiwavi, nyuma ya kichwa chake patachomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa, kama ulimi wa nyoka, na utasikia harufu kali ya maganda ya matunda yaliyochacha. Pembe zile hukaa ndani ya ngozi yake siku zote na hutoka anaposhtuliwa tu, kwa ajili ya kuwafukuza chungu na nyigu. Tazama mara ya pili na ya tatu, kisha muache apumzike.

Huyo ni Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi wa madoa ya manjano unayemwona kila siku bila kumjua. Kata kijitawi pamoja naye, kitie ndani ya chupa yenye maji, na uzibe mdomo wa chupa kwa pamba ili asije akatumbukia. Funika kwa kitambaa cha neti. Mpe majani mapya kila siku, na hakikisha mti haukupigwa dawa. Utamwona akijivua ngozi mara kadhaa. Katika umri wake wa mwisho kile kinyesi cha ndege hugeuka kiwavi wa kijani kibichi mwenye mistari ya kahawia, mnene kama kidole. Baadaye ataacha kula, ataanza kuzunguka kama aliyepotelewa, kisha atajifunga kwenye kijiti kwa uzi mmoja wa hariri uliopita mgongoni mwake, na atakuwa pupa. Kwa joto la Mombasa, tangu yai hadi kipepeo haivuki miezi miwili.

Na huenda asitoke kipepeo. Huenda siku moja ukakuta pupa ina tundu dogo, na ndani ya neti kuna vinyigu vidogo vinatembea. Wanafunzi wengi hapo huvunjika moyo wakatupa kila kitu. Usitupe hata kimoja! Nyigu wale walitagiwa ndani ya kiwavi au pupa, wakamla kutoka ndani, na sasa umepata jambo ambalo wavu haungekupa kamwe: unajua nani anamla nani, juu ya mti gani, mwezi gani. Watie wote kwenye kichupa cha spiriti pamoja na ganda la pupa. Katika makusanyo yangu yote, vile vichupa vya nyigu waliotoka kwa viwavi niliowafuga mwenyewe ndivyo watafiti wanavyoviulizia zaidi.

Sasa daftari. Nunua la jalada gumu na penseli. Kila siku andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, mti, na ulichokiona mdudu akifanya. Usiandike "kipepeo mzuri". Andika: "Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, mvua ilinyesha usiku, viwavi 4 wa umri wa kinyesi cha ndege, wote upande wa juu wa jani, mmoja anashambuliwa na chungu wekundu." Chora pia, hata kama mkono wako ni mzito. Anayechora mguu wa panzi analazimika kuhesabu sehemu zake, na anayepiga picha tu halazimiki.

Mti wa pili ni mwembe, kwa ajili ya maji moto, wale chungu wa mitini. Hao unawajua, wamekuuma tangu utotoni. Lakini umewahi kukaa ukatazama namna wanavyojenga? Tafuta tawi ambalo wanaanza kiota kipya, mapema asubuhi. Kwanza utaona mmoja amesimama ukingoni mwa jani, amenyoosha mikono kulifikia jani la pili. Halifiki. Anakuja mwenzake anapanda mgongoni, anamshika kiuno kwa meno, na wa tatu, na wa nne, mpaka mnyororo wa chungu unafika ng'ambo, kisha wote wanavuta pamoja na majani mawili yanakutana. Hapo ndipo wanapoletwa watoto. Chungu mzima amembeba buu meno yake yakiwa yamemshika katikati kwa upole, anamgusisha kichwa kwenye jani hili, anampeleka jani lile, huku na huku kama mfumaji apitishaye uzi, na kutoka mdomoni mwa yule buu unatoka uzi mweupe. Chungu wakubwa hawana uzi; hariri yote ya kiota kile ni ya watoto. Mimi nimewatazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado nikipita chini ya mwembe nikaona wanaanza kazi, safari yangu huishia pale.

Jina lao la kitaalamu ni Oecophylla longinoda, na wakulima wa minazi wa pwani yetu wana sababu ya kuwavumilia. Kuna kunguni wa minazi aitwaye Pseudotheraptus wayi anayefyonza nazi changa zikaanguka kabla ya wakati wake. Mnazi wenye maji moto wengi kunguni yule hupata taabu kukaa. Lakini chini ardhini kuna chungu mdogo wa kahawia mwenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, anayewapiga vita maji moto akawafukuza mtini. Kwa hiyo ukiona mnazi mmoja una maji moto na wa pili hauna, chunguza shinani. Hilo ni somo la mwaka mzima, na halihitaji kibali wala nauli.

Jambo la msingi ambalo pengine unalijua tayari: mdudu kwa maana ya kitaalamu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo. Buibui, nge, kupe na tandu hawamo. Jongoo hayumo pia, ila kwa mtu wa Mombasa jongoo hastahili kupitwa hivi hivi. Haller Park unayoijua pale Bamburi ilikuwa machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lisilo na udongo. René Haller alianza kupanda miti pale mwaka 1971, na mivinje ndiyo iliyoshika. Lakini majani yake yalianguka yakarundikana bila kuoza. Akaletwa jongoo mwekundu wa miguu, huyu huyu anayetambaa ukutani wakati wa mvua, akayala yale majani, na kinyesi chake kikawa mwanzo wa udongo. Nenda ukatembee chini ya mivinje ile, chukua kiganja cha udongo, unuse. Halafu fikiria kabla ya kumkanyaga jongoo tena.

Tuje kwenye vifaa. Wavu unautengeneza mwenyewe kwa siku moja. Chukua waya mgumu, ukunje duara la upana wa sentimita 35 hadi 40, ufunge kwenye mpini wa mwanzi au fimbo ya ufagio. Mfuko wake uwe na kina mara mbili ya upana wa duara, ili ukishamnasa mdudu uugeuze wavu na mfuko ujikunje juu ya waya asipate pa kutokea. Kitambaa chake kitafute Biashara Street kwenye maduka ya mapazia, neti laini nyeupe. Usitumie chandarua cha mbu cha bure kinachogawiwa hospitalini. Vile vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na kiwavi au kipepeo utakayemfuga ndani yake atakufa nawe ukidhani ni ugonjwa. Nimewaona watu wazima, tena wenye shahada, wakikosea hapo.

Kwa wadudu wa vichakani tumia mwavuli mkuukuu wa rangi isiyokolea. Ushike kichwa chini miguu juu chini ya tawi, ulipige tawi kwa fimbo mara tatu, na utashangaa kilichoangukia ndani. Kwa wanaotambaa usiku, fukia kopo la mtindi mpaka mdomo wake ulingane na ardhi, tia maji kidogo na tone moja la sabuni ya vyombo ili wasielee, weka kigae juu ya vijiwe kuzuia mvua, na ulitoe kesho yake asubuhi. Kopo lililosahauliwa ni kaburi, na hiyo ni dhuluma. Bakuli la manjano lenye maji ya sabuni huvuta nyuki wadogo na nyigu.

Vipepeo wa msituni wakubwa wenye mabawa ya nguvu, wale wa jenasi ya Charaxes, hawajali maua. Wanapenda matunda yaliyochacha na, samahani, mavi. Huwakamati kwa kukimbia. Shona neti iwe kama pipa refu lililozibwa juu, lining'inize tawini, na chini yake uning'inize sahani ya ndizi zilizoiva sana zilizolala siku tatu na sukari. Uache nafasi ya vidole vitatu hivi kati ya sahani na ukingo wa neti. Kipepeo huingia kwa chini, akishiba huruka kwenda juu, na hajui kurudi alikoingilia. Wenzangu wengine huongeza tembo la mnazi kwenye ndizi. Mimi hutumia maembe yaliyooza, na vipepeo hawajawahi kulalamika. Uzuri wa mtego huu ni kwamba mdudu yu hai: unamtazama, unampiga picha, unamwachilia.

Na usiku kuna shuka. Shuka nyeupe iliyotandazwa kwenye kamba na taa kali mbele yake itakuletea nondo, madundu, panzi na wadudu usiowajua jina. Ila taa haishindani na mwezi. Wewe ni mtu wa Mombasa, hesabu ya mwezi mwandamo unayo nyumbani: toka usiku wa tarehe 25 ya mwezi hadi tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Mwezi wa 14 lala usingizi wako. Usiku wenye joto, mawingu na upepo mtulivu baada ya mvua ndio bora kuliko wote. Ukiwa kwenye shuka jihadhari na mdudu mdogo mwembamba mwenye mikanda ya rangi ya machungwa na mweusi, anayetembea kama chungu mrefu. Asikuume kichwa: haumi. Lakini ukimponda ngozini utaamka na malengelenge kama uliyeungua. Akikupandia, mpulize tu.

Sasa la mamako na friji, na namuunga mkono. Kugandisha ndiyo njia safi zaidi ya kumuua mdudu, haina dawa ya sumu ndani yake wala harufu; lakini mahali pake ni kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, limefungwa ndani ya mfuko, limeandikwa jina, na liko kwenye sehemu ya barafu pembeni. Mwombe kona hiyo moja, kwa siku moja moja. Akikataa, wadudu wenye mwili laini na wadogo watie moja kwa moja kwenye spiriti ya asilimia 70. Kipepeo kamwe usimtie kwenye spiriti, ataharibika. Mkunjie karatasi ya pembetatu, mabawa yakiwa yamefumbana, na anaweza kukaa humo miezi hadi ujifunze kumtandaza. Na chukua mmoja au wawili wa kila aina, usizidishe. Wa tatu anahitaji sababu.

Pini za kushonea hazifai, hupata kutu na kuwaharibu wadudu kutoka ndani. Pini za wadudu ni nyembamba na ndefu, karibu milimita 38, na hilo ndilo jambo moja la kununua kwa pesa. Dundu huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, karibu na kifua, kamwe si katikati. Sababu yake ni kwamba upande wa kushoto na wa kulia wa mdudu hufanana. Ukiharibu wa kulia kwa pini, wa kushoto umebaki mzima kwa atakayemchunguza baada yako. Vidogo visivyostahimili pini hugundishwa kwa gundi ya maji kwenye ncha ya kipande cha karatasi ngumu, na karatasi ndiyo ichomwe. Chini ya kasha tandika soli za ndara zilizochakaa, zimekatwa sawasawa. Zinashika pini vizuri.

Lebo. Hapa nataka unisikilize vizuri kuliko popote. Mwaka wangu wa kwanza nilikusanya wadudu wa kinyesi cha ndovu kwa miezi minne, vichupa 62, kila kichupa na lebo yake ndani, nimeiandika kwa kalamu ya wino ya kawaida. Nilipovifungua baada ya masika karatasi zote zilikuwa nyeupe. Spiriti ilikuwa imeufuta wino. Wadudu walikuwa wazima kabisa, hata vinyweleo vya miguu vinaonekana, na hakuna mmoja ambaye ningeweza kusema alitoka wapi au lini. Vichupa vyote 62 vikawa havina maana kwa yeyote. Nilikaa navyo mwaka mzima mezani kabla ya kuweza kuvimwaga. Tumia penseli. Andika nchi, kaunti, mahali, vipimo vya ramani kutoka kwenye simu yako, tarehe, njia uliyotumia kumkamata, mti au mnyama aliyekuwa naye, na jina lako. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi, 3.v.2025, ili asije mtu akasoma tarehe 5 Machi. Na iandike siku hiyo hiyo, kabla hujala chakula cha usiku.

Unyevu wa kwetu ni adui wa pili. Kavu ya Nairobi haipo hapa. Kipepeo aliyetandazwa huchukua wiki nzima kukauka, na wakati wa masika ukungu humvamia kwa siku mbili. Kusanya vile vipaketi vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uvitie ndani ya kasha, na ukiona vimelowa uvibadilishe. Weka pia vidonge vya naftalini. Miguu ya meza ikae ndani ya makopo yenye maji, maana sisimizi wa Mombasa humaliza kasha la wadudu kwa usiku mmoja na kukuachia pini.

Majina yatakuja polepole, usiyakimbilie. Kwanza jifunze makundi makubwa: mbawakawa na madundu wenye mabawa magumu, vipepeo na nondo, nyuki na nyigu na chungu ambao ni ndugu, nzi na mbu wenye mabawa mawili, kunguni wafyonzaji, panzi na nyenje. Ukiweza kumweka mdudu kwenye kundi lake bila kusita, umeshafika mbali. Picha zako zipeleke iNaturalist, tovuti ambako watu husaidiana kutambua viumbe kwa picha, na kila mdudu mpige mara tatu: mgongoni, ubavuni, usoni. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yana idara ya wanyama wasio na uti wa mgongo yenye makusanyo makubwa, na daftari lako la mwaka mmoja ndilo litakalokufungulia mlango kwa watu kama hao kuliko cheti. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, si mbali. Na kuhusu mtu wa kwetu kufika juu katika elimu hii, icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, kilianzishwa mwaka 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo.

Safari yako ya kwanza iwe Gede, zaidi kidogo ya kilomita 100 kwa matatu ya Malindi. Pale pana mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo wa msitu ule na kuuza pupa zao ng'ambo. Kwa miaka mingi wakulima hao waliuona msitu kama shamba walilonyimwa. Pupa ziliwapa sababu ya kutaka usimame. Ukiwa umeshafuga wako wa mndimu, utawauliza maswali ya mtu anayejua kazi, nao watakujibu hivyo.

Ukisharudi Shimba Hills, ukiwa umefuatana na mtafiti mwenye kibali kama msaidizi wake, vaa gambuti na suruali iliyochomekwa ndani, na usiingie bila askari wa hifadhi, maana ndovu wa kule hawapigi honi. Angalia upupu kabla ya kusukuma wavu kichakani. Siafu wakivuka njia, simama kando uwatazame: panzi na mende hukimbia mbele yao, na nzi huwafuata juu juu wakivizia wanaokimbia. Usimshike kiwavi yeyote mwenye manyoya.

Masika na vuli ndiyo misimu yako. Januari na Februari hutaona mengi. Ila vuli ikianza kuna jambo nataka unifanyie. Upepo unapogeuka kuwa kaskazi, kerengende wa rangi ya dhahabu hujaa Mombasa, juu ya viwanja na barabara, wakati ambapo siku iliyotangulia hawakuwapo. Ni Pantala flavescens. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson, aliyekuwa akiwahesabu kule Maldives, alieleza kwamba kerengende hawa hutoka Bara Hindi na kuivuka bahari yote kwa kuufuata upepo huo huo uliokuwa ukileta majahazi ya babu zetu. Tangu tarehe 1 Oktoba, kila jioni saa kumi na moja, panda darini kwenu uhesabu kerengende kwa dakika 10. Siku wasipokuwapo andika sifuri. Siku ya kwanza watakapofika, niandikie tarehe, na uniambie upepo ulikuwa ukivuma kutoka wapi.